Tezi hupima, kisha hujibu

Haya ni mazungumzo yangu na wazazi, walimu na wanafunzi wa sekondari moja mkoani Njombe. Nayaweka yote hapa kwa ajili ya waliobanwa na kazi za shamba wakashindwa kufika. Michoro iliyokuwa ukutani nimeiacha.

Mwenyekiti wa bodi, Mkuu wa shule, walimu, wazazi wangu, nanyi wanafunzi: kamwene! Wazee wangu, shikamooni.

Naanza na swali. Jana mchana ulikula ugali ukashiba. Jioni ukapanda mlima na mzigo wa kuni. Usiku ukalala hadi alfajiri bila kutia kitu kinywani. Kwa nini sukari ya damu yako haikupanda mchana ikakudhuru? Kwa nini haikuporomoka usiku ikakuzimisha usingizini? Wewe ulikuwa umelala. Nani alikuwa macho?

Mwalimu wa baiolojia ameniambia kwamba vijana wa kidato cha nne wamekariri orodha nzima: tezi hii, homoni yake hii, kazi yake hii. Sikuja kuirudia orodha. Nimekuja na jambo moja tu, na nitalisema mpaka mlichoke: tezi hupima, kisha hujibu. Hupima kilichomo ndani ya damu, kisha hujibu kwa homoni, yaani kemikali inayobeba agizo mwilini. Jibu likifika, hupima tena. Mkilishika hilo, mtaelewa kwa nini shingo huvimba, kwa nini mtoto hukonda huku anakula, kwa nini mama hukosa maziwa, na kwa nini krimu ya dukani inaweza kumlaza binti kitandani hoi.

Tezi ninazozisema ni zile zinazomwaga homoni moja kwa moja ndani ya damu. Tezi za jasho, za mate na za machozi hazimo, kwa sababu zina mirija inayotoa majimaji yake nje. Tezi dume nayo, wazee wangu, ina mirija yake. Najua inawasumbua wengi, nayo tutaitafutia siku yake. Leo tunasema habari za pituitari iliyo chini ya ubongo, thairoidi iliyo shingoni, kongosho lililo nyuma ya tumbo, na adrenali mbili zilizokaa juu ya figo. Zipo nyingine, zikiwemo ovari na korodani, ambazo vijana mnazijua vizuri kuliko mnavyokubali mbele ya wazazi wenu.

Tulijuaje kwamba damu hubeba maagizo? Januari 1902, katika University College London, mashemeji wawili, William Bayliss na Ernest Starling, walikuwa wakichunguza utumbo wa mbwa. Wakati ule wataalamu wengi waliamini kwamba mwili huendeshwa na mishipa ya fahamu peke yake. Mashemeji hawa wakakata mishipa yote ya fahamu iliyofika kwenye kipande kimoja cha utumbo, kisha wakatia asidi ndani ya kipande hicho. Kongosho likaanza kutoa majimaji yake kama kawaida! Ujumbe ulipita wapi, ikiwa njia zote zimekatwa? Wakakwangua ngozi ya ndani ya utumbo, wakaisaga pamoja na asidi, wakaichuja, wakaichoma kwenye mshipa wa damu. Kongosho likajibu tena. Kumbe ujumbe ulisafiri ndani ya damu. Kitu hicho wakakiita sekretini, na mwaka 1905 Starling akatumia kwa mara ya kwanza neno homoni. Utumbo ulipima asidi, kongosho likajibu. Basi.

Sasa tuje shingoni, maana hapa ndipo nyumbani kwetu.

Wazee mliokaa mbele mnakumbuka rovu, ule uvimbe wa shingo. Mnakumbuka kina mama waliofunga kanga shingoni hata siku za joto. Nyanda zetu hizi za juu za kusini zilikuwa miongoni mwa maeneo yaliyoumizwa sana na rovu katika Tanzania nzima. Maneno yalisemwa mengi: kwamba ni maji ya mto fulani, kwamba ni ukoo, kwamba ni laana. Na wale waliobeba uvimbe ule walibeba na maneno hayo.

Sikilizeni kilichokuwa kikitokea. Thairoidi ni tezi ya gramu 20 hivi kwa mtu mzima. Hutengeneza homoni inayoamua mwili uwake kwa kasi gani: moyo upige vipi, joto liwe kiasi gani, mtoto akue na ubongo wake ukomae. Homoni hiyo haitengenezeki bila iodini, ambayo sisi tunaiita madini joto. Mtu mzima anahitaji mikrogramu 150 tu kwa siku, mjamzito 250. Mikrogramu ni sehemu moja ya milioni ya gramu. Pigeni hesabu, vijana: mtu akiishi miaka 70, iodini yote anayoihitaji haifiki gramu 4. Haijazi hata kijiko cha chai! Na kwa kukosa kiasi hicho, akili ya mtoto hudumaa maisha yake yote.

Kwa nini sisi wa milimani ndio tuliokosa? Kwa sababu iodini iko kwa wingi baharini, kwenye samaki na mimea ya huko. Huku kwetu mvua za maelfu ya miaka zimeiosha kutoka kwenye udongo na kuipeleka mtoni. Udongo ukikosa, mahindi yanakosa, maharage yanakosa, maziwa ya ng'ombe yanakosa.

Sasa tazameni jinsi mwili ulivyojibu. Mmeona boya ndani ya tangi la maji? Maji yakipungua, boya linashuka na bomba linafunguka. Yakijaa, boya linapanda na bomba linafunga. Pituitari humfanyia thairoidi kazi hiyo. Homoni ya thairoidi ikipungua kwenye damu, pituitari hutoa homoni yake ya kuihimiza: fanya kazi! Ikitosha, hunyamaza. Lakini malighafi hakuna. Pituitari inahimiza, thairoidi haina cha kutengenezea. Inahimiza zaidi, mwezi baada ya mwezi, mwaka baada ya mwaka, na tezi inakua, inakua, ikijaribu kunasa kila chembe ya iodini inayopita. Hilo ndilo rovu. Wale kina mama hawakuwa na laana yoyote. Shingoni mwao palikuwa na tezi iliyofanya kazi kupita kiasi ili wasipungukiwe. Naomba muwaambie hivyo wale walio hai, na wajukuu wa wale waliokwisha kufa.

Niwapeleke Kongo kidogo, kwenye kisiwa cha Idjwi katikati ya Ziwa Kivu. Katika miaka ya 1960 watafiti walikuta jambo la ajabu huko. Iodini ilikuwa haba kisiwa kizima. Lakini upande wa kaskazini rovu lilikuwa limejaa, na upande wa kusini-magharibi lilikuwa nadra. Kisiwa kimoja, ziwa moja, upungufu mmoja. Tofauti ilitoka wapi? Ilitoka kwenye chungu. Watu wa kaskazini walitegemea zaidi muhogo. Muhogo usioandaliwa vizuri huacha sumu ya sianidi, na mwili ukiipunguza makali huigeuza kuwa thayosayaneti, ambayo hushindana na iodini mlangoni mwa thairoidi. Iodini ni kidogo, na hata hiyo kidogo inazuiwa kuingia. Je, tuache muhogo? Hapana. Uloweke, uanike, utwange, kama bibi zetu walivyofanya. Lakini usiuache uwe peke yake mezani bila chumvi yenye madini joto.

Serikali yetu kuanzia mwaka 1986 iligawa vidonge vya mafuta yenye iodini katika wilaya zilizoathirika zaidi, na miaka ya 1990 ikaagiza chumvi ya kula itiwe madini joto. Ukiniuliza ni jambo gani la afya ya jamii lililofanywa nchini kwa gharama ndogo likaleta faida kubwa, nitakutajia hili bila kusita. Watoto wengi mnaowaona hapa wenye shingo laini na akili timamu wanadaiwa shukrani na chumvi.

Ila kazi haijaisha. Bado inauzwa chumvi ya kupima kwa kopo, haina nembo, haijulikani ilikotoka. Bado tunaiacha ile nzuri wazi karibu na moto na mvuke, iodini ikapotea. Iweke kwenye chombo kinachofunika, mbali na jiko na jua, uitie chakula kikikaribia kuiva. Na mama mwenye mimba changa anisikie vizuri: katika miezi ya mwanzo mtoto tumboni hana thairoidi inayofanya kazi. Ubongo wake unajengwa kwa homoni ya mama. Ukisubiri mpaka tumbo lionekane, umechelewa. Msichana aile chumvi hiyo kabla hata hajaolewa. Na si kula chumvi nyingi, maana hiyo itampandisha shinikizo la damu. Ni ile ile kidogo, iwe tu yenye madini joto.

Sasa kongosho. Ndani yake mna visiwa vidogo vya chembe hai, kama milioni moja, ambavyo vyote pamoja ni asilimia 1 au 2 tu ya kongosho zima. Visiwa hivyo ndivyo vilivyokuwa macho wakati umelala. Sukari ikipanda baada ya ugali, hutoa insulini, nayo huifungulia sukari milango ya misuli na kuliambia ini liweke akiba. Sukari ikishuka usiku, hutoa glukagoni, na ini hufungua ghala. Hupima, hujibu.

Kuna ugonjwa ambao kinga ya mwili yenyewe huzishambulia chembe zinazotoa insulini na kuziua. Huo ni kisukari cha aina ya kwanza, na huwapata zaidi watoto na vijana. Wakati mmoja nililetewa mtoto wa darasa la tatu. Alikuwa anakunywa maji bila kukata kiu. Alikuwa anakojoa kitandani baada ya miaka mingi ya kulala pakavu, na kwa hilo alichapwa. Alikuwa anakula kuliko kaka zake na huku anakonda. Familia ilihangaika: dawa za malaria, dawa za minyoo, dawa za asili, maombi. Alipofika kwetu alikuwa anahema kwa nguvu na pumzi yake inanuka kama matunda yaliyoiva yakapitiliza. Tukapima sukari, mashine ndogo tu, tone moja la damu. Siku ile ile akaanza insulini na maji ya mshipa.

Yule mtoto aliinuka kitandani, na yuko shuleni. Lakini mnajua angeletwa kabla ya 1922 ingekuwaje? Angekufa, tena kwa njaa iliyoagizwa na daktari, maana dawa pekee ilikuwa kumnyima chakula ili asogeze siku. Mvulana wa Toronto aitwaye Leonard Thompson, miaka 14, alikuwa amebaki na kilo 30 hivi. Tarehe 11 Januari 1922 akachomwa maji ya kongosho yaliyotengenezwa na Frederick Banting na Charles Best. Hayakumsaidia kitu cha maana, na mahali pa sindano pakavimba. Mwenzao James Collip akakaa maabara siku kumi na zaidi akiyasafisha. Tarehe 23 akachomwa tena, na safari hii sukari ikashuka, kijana akapata nguvu. Aliishi miaka 13 zaidi. Na haki ya ugunduzi ule waliiuza kwa Chuo Kikuu cha Toronto kwa dola 1, wakitaka dawa imfikie kila anayeihitaji. Nikikuta mzazi anauza mbuzi ili apate chupa ya insulini, huwa nawakumbuka watu wale, na inaniuma.

Wazazi, nisikieni. Mtoto huyu hakuupata ugonjwa kwa kula pipi. Na anayewaambia kwamba insulini ni ya mwisho, kwamba ukianza utakufa, anawaua watoto wenu. Kwa aina hii ya kisukari, anayeacha insulini ndiye anayekufa. Kama hakuna friji nyumbani, mtungi wa udongo wenye mchanga uliolowa maji, uliowekwa kivulini, huitunza chupa ikiwa baridi ya kutosha. Kile kisukari cha watu wazima, cha aina ya pili, ni habari nyingine: insulini ipo, mwili umeacha kuitikia ipasavyo. Hicho mnakisikia kliniki kila mara, sitakaa hapo.

Kina mama, linalofuata ni lenu. Na akina baba mliosimama kule nyuma, sogeeni.

Pituitari haifiki gramu moja, lakini ndiyo inayoihimiza thairoidi, adrenali na ovari, na ndiyo inayoagiza maziwa. Mimba ikikua, nayo inakua, inahitaji damu zaidi kuliko kawaida. Sasa mama anajifungua, anatokwa damu nyingi mno, presha inaanguka. Anaokolewa, mnashukuru Mungu. Lakini tezi ile haikupata damu kwa muda, na sehemu yake imekufa. Mwaka 1937 daktari Harold Sheehan wa Glasgow alilieleza jambo hili, na ugonjwa ukabeba jina lake.

Utamjuaje mama huyu? Maziwa hayatoki. Hedhi hairudi. Nywele za kwapa zinapotea. Anasikia baridi wakati wenzake wanatoka jasho, amechoka, hana hamu na mume wake. Na nyumbani wanasemaje? Kwamba amekuwa mvivu. Kwamba amelogwa na mke mwenzie. Nimemwona mama aliyerudishwa kwao na watoto wawili kwa kosa la kuchoka. Alihitaji vidonge vya homoni zilizokosekana, vidonge vya kila siku, vya bei ndogo. Akina baba, mkeo akitokwa damu nyingi siku ya kujifungua, kumbuka siku hiyo. Mwaka mmoja baadaye, hata miaka kumi baadaye, akianza kudhoofika hivyo, mpeleke hospitali na useme: alitokwa damu nyingi sana alipojifungua. Sentensi hiyo moja inaweza kumwonyesha daktari njia.

Jambo la mwisho ndilo lililonifanya nikubali mwaliko huu.

Adrenali zinakaa juu ya figo, kila moja gramu 4 au 5. Hutoa kortisoli, nyingi alfajiri ili uamke, kidogo usiku wa manane. Kortisoli hushikilia presha, hushikilia sukari, na ukiugua au ukiumia hupanda ili mwili uhimili. Bila kortisoli mtu hafiki mbali. Mwaka 1948, kule Mayo Clinic Marekani, Philip Hench alimpa kortisoni, homoni iliyo ndugu wa kortisoli, mama wa miaka 29 aliyelemazwa na ugonjwa wa viungo. Baada ya siku chache akatembea! Dunia ilishangaa, na mwaka 1950 ikaja Tuzo ya Nobel. Lakini wagonjwa wale wale walipoendelea kutumia, nyuso zilivimba, na mengine yakafuata. Dawa za jamii hiyo, prednisoloni, deksamethasoni, zinaokoa maisha hadi leo. Wenye pumu wanajua. Sizilaumu hata kidogo.

Ninachokilaumu ni hiki: dawa hizo zimeingia kwenye vidonge vya kunenepesha vinavyouzwa kwa kuhesabiwa, na kwenye mkorogo. Klobetasoli na betamethasoni, dawa kali za ngozi zinazotakiwa kuandikwa na daktari, zinachanganywa kwenye kopo lisilo na maandishi na kupakwa mwili mzima kila siku. Ngozi hunywa. Damu hupokea. Na tezi hufanya nini? Hupima! Pituitari inakuta damu imejaa kitu kinachofanana na kortisoli, inasema inatosha, inaacha kuhimiza. Adrenali, zikikosa kuhimizwa miezi na miaka, zinasinyaa.

Kwa nje unaona binti amenawiri. Uso umekuwa wa mviringo, mashavu yamejaa, tumbo limetoka. Watu wanamsifu kwamba mambo yake mazuri. Tazama mikono na miguu yake: imekonda. Tazama tumbo lake: mistari mipana ya zambarau. Kidonda hakiponi. Presha iko juu, sukari iko juu, na umri ni miaka 22.

Halafu siku moja anasikia hotuba kama hii, anaogopa, anatupa kopo lote chooni. Hapo ndipo pa hatari kuliko pote. Dawa ya nje imekatika, na tezi za ndani zimelala. Anapata malaria ya kawaida tu, au anaumwa kidole tumbo anahitaji upasuaji, na mwili hauna kortisoli ya kuhimili. Anatapika, presha inaanguka, anazimia. Nimempokea mmoja wa namna hiyo usiku, na aliyetuokoa alikuwa mdogo wake wa miaka 12 aliyesema mbele ya mama yake: dada alikuwa anapaka mkorogo, ameacha wiki iliyopita. Tulimchoma haidrokortisoni, yaani kortisoli ya dawa, pale pale. Mtoto yule alisema kile ambacho watu wazima waliona aibu kukisema.

Kwa hiyo nasema na binti zangu, na kina mama pia, na vijana wa kiume, maana nao siku hizi wanapaka na wanameza. Kama hujaanza, usianze. Kama umeanza juzi, acha. Kama umetumia kwa wiki kadhaa au zaidi, usiache ghafla ukiwa peke yako. Daktari atakupunguzia taratibu, au atakupa dozi ndogo ya kukuvusha mpaka adrenali zako ziamke. Huamka, lakini huchukua miezi, wakati mwingine zaidi ya mwaka. Na muda wote huo, ukiugua popote pale, sema kwamba uliwahi kutumia.

Kuna meza mbili. Kwenye ya kwanza, pale chini ya mti, kuna kipimo cha chumvi: lete kijiko kimoja kutoka nyumbani, tunadondoshea tone, ikigeuka bluu ina madini joto, ikibaki nyeupe badilisha duka. Meza ya pili imesogezwa nyuma ya darasa ili anayeenda asionekane. Muuguzi atakuwepo mpaka jioni, na tena keshokutwa baada ya ibada. Njoo na kopo lako au kidonge kimoja unachokitumia. Hatuulizi jina, hatuulizi ulinunua kwa nani wala nani alikushauri. Tunauliza tu umetumia tangu lini, na mara ya mwisho ilikuwa lini.

Asanteni sana. Sasa maswali, na naomba tuanze na wanafunzi.